Gunia la mbwa: nilivyomuumiza ini Komando wangu uzeeni

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Ninayoandika hapa sijayaongezea chumvi. Kuna sehemu kwenye huu uzi naonekana vibaya, na nimeiacha kama ilivyo, maana nikiificha uzi hauna faida.

Nipo Tunduma, kazi yangu ni mahindi. Nanunua vijijini Mbozi, naleta stoo nyumbani, kina mama wanachambua kwenye turubai, halafu nauza kwa wateja wa upande wa Zambia.

Stoo inalindwa na mbwa wangu, Komando. Nilimchukua mdogo kabla sijaoa, na sasa mwanangu wa kwanza, Neema, yuko darasa la tano, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Ndevu nyeupe, sikio moja halisikii vizuri.

Wateja wa Zambia wakifika wanaanza kumsalimia yeye, "Mulishani, Komando," ndipo wananigeukia mimi. Miaka yote hiyo sijawahi kuibiwa hata debe.

Sasa mnaofanya biashara hii mnajua. Mahindi yakichambuliwa, mabovu hayatupwi. Yenye ukungu na yaliyobadilika rangi yanawekwa kwenye gunia lake. Langu niliandika kwa marker pen: MBWA. Likijaa tunasaga, Komando anapikiwa ugali na vichwa vya dagaa.

Baba yangu alifanya hivyo, majirani wanafanya hivyo. Tena nilijiona najali, maana kuna mbwa mtaani wanaishi kwa jalala.

Mwaka jana masika yakiisha, Komando akaanza kuacha chakula. Ananusa bakuli, ananitazama, anaondoka.

Hapa ndipo ninapoonekana vibaya. Nilisema anadeka. Nikamwambia wife, "Usimpe kitu kingine, njaa itamfundisha adabu."

Siku mbili hakula. Ya tatu akala, polepole, huku anatingisha mkia kidogo. Na mimi nikajisifu kwamba mbwa anataka msimamo.

Wiki chache baadaye akaanza kutapika. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Mama Neema ndiye aliyemfunua mdomo akakuta fizi za njano, na macho nayo yana unjano. Tumbo likajaa, mgongo ukabaki mifupa.

Nikampigia daktari wa mifugo tunayemtumia kwa nguruwe. Niwe mkweli, nilitaka aje na sindano ya kummaliza. Watu walishanijaza maneno, mbwa mzee wa nini, tafuta mdogo.

Daktari hakukubali kukimbilia huko. Akachukua damu ikapelekwa Mbeya kupimwa, na majibu yaliporudi akasema ni ini. Akakaa kwenye ndoo mlangoni pa stoo, akaniuliza anakula nini.

Nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Ugali, daktari. Tena wa mahindi yetu wenyewe."

"Mahindi yapi?"

Nikamwonyesha gunia. Akachota, akanusa. Hakunigombeza.

"Wewe ungeyala haya?"

"Hapana, haya ni ya mbwa."

"Na nani kakwambia ini la mbwa ni la chuma?"

Akanieleza kwamba ule ukungu unaweza kutengeneza sumu inayoitwa sumukuvu, kupika hakuimalizi, na inakula ini taratibu. Alisema hawezi kuapa kwamba ndiyo sababu pekee, umri nao upo, lakini kwa alichokiona haoni haja ya kutafuta mbali. Ini halitarudi kama zamani. Akila vizuri na kutumia dawa, anaweza kupata muda. Muda gani, hakusema.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, akala Komando. Nililia, wakuu, mbele ya kina mama wa kuchambua. Habari ya sindano sikuiulizia tena.

Siku hizi anakula wali laini, yai la kuchemsha, nyama ya kuku kidogo isiyo na mafuta, mara nne kwa siku. Kuna dawa ya kusaidia ini na ya kupunguza maji tumboni. Dawa za maumivu za binadamu nimekatazwa kabisa kumpa, maana huku mbwa akiumwa tunammezesha chochote kilichopo kabatini.

Jirani yangu anacheka, "Mbwa anakula wali Jumanne, sisi tunasubiri Krismasi." Namwacha acheke.

Kuna siku anafika hadi getini anabweka. Kuna siku anashinda amelala, namsogeza juani. Sijui kama atayaona mavuno yajayo. Ile stress ya kutaka kujua nimeiacha.

Mabovu sasa nafukia shimoni. Siku ya kwanza kufukia, Mama Neema alisimama pembeni akaniuliza, "Na kuku wetu, Baba Neema? Si walikuwa wanakula gunia hilihili? Na mayai yao si tunakula sisi?"

Funzo langu ni moja. Mnyama akikataa chakula, kagua chakula kabla hujamkagua yeye adabu. Komando alishaniambia kwa pua yake mapema, mimi nikamlaza na njaa.

Wenye mbwa wazee wanaoishi na ini bovu, nielekezeni mnawapa nini zaidi. Wenye kunitukana pia karibuni, nimejiandaa. Ila kama una gunia kama langu stoo, nenda kalinuse kwanza, ndipo urudi u-comment.

Kitu kimoja hakijapona. Nikimwekea bakuli, Komando hali. Ananusa, ananitazama, anasubiri. Nilidhani hana hamu, mpaka siku moja nikachota wali wake kidogo nikala mbele yake. Akainama, akala wote.

Tangu hapo ndio utaratibu wetu. Nitasoma comments zenu baadaye kidogo, wali wake umeshapoa na hawezi kuanza bila mimi.