Damu ya Mtu Mzima

Gathogo alikuwa mnene na alijivunia unene wake. Mwaka ule wa kura ya mlolongo, 1988, watu wa Eldoret walimtania kwamba akipanga foleni nyuma ya mgombea anastahili kuhesabiwa mara mbili. Alicheka mpaka tumbo likatikisika. Enzi hizo tumbo lilionyesha kwamba nyumbani mambo ni mazuri, na koti lake jeupe lilikuwa limeacha kufunga vifungo zamani.

Kazi yake ilikuwa kupima damu katika zahanati moja ya kanisa. Alichungulia kwenye hadubini akihesabu chembe nyeupe, wale askari wa mwili wanaoongezeka penye ugonjwa. Sasa, mpimaji anahitaji damu ya mtu mzima, asiye na ugonjwa, ya kulinganishia. Gathogo hakujisumbua kumtafuta. Kila Jumatatu alijidunga kidole chake mwenyewe. Chembe zake zilizidi zilizoandikwa kitabuni, lakini bwana mkubwa huyu akaamua kitabu ni cha Wazungu, hakijui damu ya watu wa huku juu kwenye baridi. Kiburi jamani! Kwa miaka sita, kila mtu ambaye damu yake ilifanana na ya Gathogo aliambiwa hana neno.

Ndipo akaja Priscah, mwalimu wa Ainabkoi, mnene kama yeye, ana kidonda kwenye wayo kisichopona. Alikuja mara tatu.

"Mwalimu, damu yako ni kama yangu tu," Gathogo alimwambia. "Kwani mimi unaniona mgonjwa?"

Wakacheka wote wawili. Akaandika "kawaida", na Priscah akarudishwa nyumbani na mafuta ya kupaka.

Mwezi wa nane akafika Hulda, muuguzi mpya mwenye maswali mengi. Alipima damu ya wafanyakazi wote, kuanzia mpishi. Wengine walikuwa na chembe elfu sita, elfu saba. Gathogo, elfu kumi na mbili.

"Hiyo dawa ya kupimia imeharibika," Gathogo akasema.

Hulda akarudia, ikawa vilevile. Akachemsha mkojo wa Gathogo katika dawa ya buluu ya kupimia sukari, nayo ikageuka rangi ya matofali. Ilikuwa sukari.

"Mzee, madaktari bado wanabishana," Hulda alisema polepole, "lakini wengine wanashuku mafuta yakizidi mwilini, hawa askari hawapumziki. Wanawasha moto mdogo usiozima, na mwili unashindwa na sukari. Halafu kidonda kikija, hao hao hawakiwezi."

Gathogo alikuwa anamfikiria mwalimu. Alipouliza habari zake, akaambiwa mguu ulishakatwa.

Aliona aibu. Wiki mbili alipanga safari na kuiahirisha, mwoga mkubwa yule. Jumamosi moja akajikaza akaenda Ainabkoi.

Priscah alimpokea mlangoni na magongo yake, uso umejaa furaha. "Daktari! Karibu ndani. Wewe ndiye ulikuwa unanipa moyo." Akamtilia maziwa lala kutoka kwenye kibuyu.

Gathogo hakuweza kuinua kikombe. "Mwalimu, nilikukosea. Nilikupima kwa damu yangu, na kumbe mimi ndiye mgonjwa wa sukari. Chembe zako zilikuwa zinasema, na mimi nikazinyamazisha."

Priscah alitazama pale mguu ulipoishia.

"Mara tatu," alisema. "Nilikuja mara tatu, Daktari."

Gathogo alitamani ardhi immeze. Alisubiri afukuzwe, na angeshukuru kufukuzwa.

"Na wewe, miguu yako umeangalia?" Priscah akauliza.

"Iko sawa. Sisikii uchungu wowote."

"Hata mimi sikuwa nasikia, sukari hutia miguu ganzi. Toa kiatu."

"Mwalimu, tafadhali, si wewe."

"Nimesema toa kiatu!"

Akaweka magongo kando, akajishusha mpaka chini mbele yake, akamvua kiatu mwenyewe. Soksi ilikuwa imegandamana na kidole gumba. Alipoivuta, ngozi ilitoka nayo, na Gathogo hakusikia kitu. Akafunika uso kwa kofia yake, akalia, huku Priscah akiita mtu alete maji na chumvi.