Siku Kimya Alipohamishwa Kiti

Kuna watu wanaozaliwa na usukani mkononi, na Kapteni ni mmoja wao. Alianza kwa kuosha mabasi, akapanda akawa utingo, akaendesha malori ya saruji, kisha basi la masafa marefu mpaka mvi zikamjaa kichwani. Alipochoka na safari ndefu akachukua kazi ya basi la shule ya mtaani kwetu, na wazazi wakampenda, maana huyo mtu hakuwahi kugonga hata kuku. Mjukuu wangu, ninayemlea mimi mwenyewe, hupanda basi lake kila asubuhi. Nalisema hili mapema ili ujue nilikuwa na nini cha kupoteza.

Safari ilikuwa wazo lake. Kuna miji mitatu ya zamani kwenye barabara ya milimani: mji wa soko, mji wa stesheni na mji wa ukuta. Watu hutoka mbali kwenda kupiga picha huko. Kapteni ameipita miji hiyo maisha yake yote ya basi, lakini hakuwahi kushuka akaitembelea. "Nasimama, abiria wanakwenda haja, napiga honi, naondoka," alituambia. "Safari hii na mimi nishuke. Nataka niione." Tukasema haya, twende. Tulikuwa wanne ndani ya gari lake dogo: yeye kwenye usukani, mkewe kando yake, na nyuma mimi na kinyozi tunayemwita Redio, kwa sababu hajapatikana wa kumzima.

Mkewe tunamwita Kimya. Ni mwenzangu tangu utoto, na jina hilo amelifanyia kazi: unaweza kunywa naye chai asubuhi ukashinda naye mpaka jua linazama, usipate zaidi ya "ehe". Basi siku hiyo, hatujatoka hata mtaani, Kimya kafungua mdomo. "Polepole, kuna tuta." "Lori linakuja." "Mama anavuka, ana mtoto." "Taa imekuwa nyekundu." Mfululizo, bila kupumua. Mimi na uvumilivu hatujawahi kuelewana, na kabla ya mji wa kwanza masikio yalikuwa yamenichoka.

"Jamani dada," nikamwambia, "na Kapteni naye wa kufundishwa barabara?"

Redio akaangua kicheko. "Kapteni, kondakta huyu umemwajiri lini?"

Kapteni akatabasamu tu. Hapo ningepaswa kushtuka, maana huyo ni mtu asiyeambiwa kitu akiwa kwenye usukani. Aliwahi kumshusha kaka yake wa damu njiani, na mizigo yake yote, kwa kosa la kumwambia apunguze mwendo. Mimi leseni ninayo, kila alfajiri nasambaza mikate madukani kwa gari la kiwanda, lakini hajawahi kuniachia gari lake hata nilisogeze kivulini.

Mji wa soko ulikuwa na matao ya mawe na ngazi zilizolika katikati kwa nyayo za watu. Kapteni aliipapasa nguzo moja baada ya nyingine, kichwa kakiinamisha upande, analitazama soko kwa pembe ya jicho. Siku za karibuni hata watu alikuwa akiwatazama hivyo, na mtaani walishaanza kusema mzee ameanza maringo. Redio akamuuliza, "Soko limekukosea nini mbona unalikata jicho?" Tukacheka. Kimya hakucheka.

Kwenye mji wa stesheni tulikaa kwenye benchi la abiria, reli imeota majani, dirisha la tiketi limepigwa mbao. Redio akala mayai ya kuchemsha kama anayeshindana na mtu. Tulipoanza kupanda milima na kona zake, akabadilika rangi, akaomba gari lisimame. Akatapika kando ya barabara, akarudi anajifuta mdomo.

"Nipisheni mbele," akasema. "Nyuma huku nitakufa."

"Hapana," akasema Kimya. "Mimi sihami."

Tukatazamana. "Dada," nikamwambia, "unataka mtu atutapikie humu ndani? Hebu njoo huku nyuma."

"Nimesema sihami."

Kapteni mwenyewe ndiye aliyemaliza maneno. "Mpishe mgonjwa, mke wangu. Barabara hii naijua." Kimya akamtazama kwa muda. Kisha akashuka, akaja kukaa kando yangu.

Redio akashusha kioo, upepo ukampiga, akapona, na mdomo wake ukapona pamoja naye. Akaanza kisa cha mteja aliyekatikiwa na umeme akiwa amenyolewa nusu kichwa. Upepo unavuma, Redio anapayuka, na Kimya kajiinamisha mbele katikati ya viti: "Kona hiyo, baba. Kona!" Kapteni akakata kona kwa kuchelewa. "Ng'ombe, kushoto kwako! Ng'ombe!"

"Nini?" akauliza Kapteni.

Tairi likatafuna kokoto za ukingoni. Niliona bonde lote chini ya dirisha langu, mpaka mabati ya nyumba za huko chini. Ng'ombe akapita salama, Redio akacheka, "Hiyo ndiyo milima!" Kimya alikuwa amenishika mkono.

"Kuna nini?" nikamnong'oneza.

Akaleta mdomo sikioni mwangu. "Haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni, dada. Pembeni anaambulia kidogo. Katikati pamekufa. Daktari amesema hapatarudi."

Nilitaka kupiga kelele gari lisimame, lakini Kimya alinibana mkono mpaka nikasikia maumivu. "Usiseme mbele ya Redio. Nakuomba. Kazi itakwenda, na yeye hatabaki." Nilijua alichomaanisha. Kitu akikijua Redio kabla ya adhuhuri, kufika jioni kinyozini kila kichwa kinachonyolewa kinacho.

Basi mimi, mwenye mdomo wangu wote huu, nikafanya nini? Nikajiinamisha mbele na mimi. "Shemeji, punguza, kuna mashimo." "Shemeji, baiskeli hiyo." Kimya upande huu, mimi upande ule.

"Ala! Sasa mmekuwa wawili!" akasema Redio. "Kapteni, leo umebeba wakaguzi!"

"Redio, nyamaza," nikamwambia.

"Mimi mgonjwa jamani, najiliwaza kwa..."

"Nyamaza nimesema!"

Akanyamaza, kanuna. Na katika ule utulivu ndipo wazo likanijia, na likanitisha kuliko lile bonde. Nikamgeukia Kimya. "Na Jumatatu? Kwenye basi la shule nani anakaa kando yake?"

Aliuachia mkono wangu, akatazama dirishani.

Sikupata nafasi ya kuuliza tena. Barabara ilikuwa inashuka kuelekea daraja lililokuwa kwenye matengenezo, na katikati ya barabara alisimama mwanamume mwenye bendera nyekundu, anaipunga. Alionekana tangu mbali, mwenye macho asingemkosa. Kapteni akaongeza gia, anapiga mluzi.

"Simama!" tukapiga kelele wote, mpaka Redio.

"Wapi?" akauliza Kapteni.

"Breki! Breki, shemeji!"

Alikanyaga. Gari likaserereka kiubavu, yule mtu akaitupa bendera akaruka mtaroni. Tuliposimama, tairi la mbele lilikuwa juu ya bendera yake. Vumbi likatufunika. Jamaa akatoka mtaroni, suruali imechanika. "Wewe mzee ni kipofu?"

Nikashuka, nikafungua mlango wa dereva. "Shemeji, ufunguo."

"Jua limenipiga machoni."

"Jua liko mgongoni kwetu. Nipe ufunguo."

"Mimi nimeshika usukani wewe hujajua hata kupanda baiskeli!"

Nikanyoosha mkono, nikauchomoa mwenyewe. Hakunizuia. Ila vidole vyake vilibaki vimeung'ang'ania usukani, ikabidi Kimya aje avibandue taratibu, kimoja kimoja, huku akimwambia, "Basi, baba. Basi." Redio alisimama kando, akampangusa vumbi yule mtu wa bendera.

Tulimwomba radhi mtu wa bendera, nikaendesha mimi mpaka mji wa ukuta. Niliegesha karibu na lango la zamani. Ukuta ni mrefu, umejengwa kwa mawe makubwa kama makabati, na wageni walikuwa wamejaa wanapigana picha. Nikamwambia Redio akatutafutie maji. Akaelewa, akaenda, na hakugeuka nyuma.

Sitadanganya kwamba nilimhurumia. Nilikuwa na hasira.

"Shemeji, Jumatatu huendi kazini."

"Mwache amalize muhula," akasema Kimya. "Muhula huu tu."

"Dada, mficha maradhi kifo humuumbua. Na hapa si kifo chake peke yake, ni watoto wa watu."

"Ukimtoa kwenye usukani unamwachia nini? Hebu niambie. Unamwachia nini?"

Kapteni akainua mkono kumtuliza mkewe. "Njia ile naijua," akaniambia. "Kila tuta, kila shimo. Naenda polepole. Na watoto nawajua wote."

"Unawajua vipi na huwaoni?"

Mtoto wa wageni akapita mbio mbele yetu, Kapteni akageuza kichwa kuifuata sauti.

"Kwa salamu," akasema mwishowe. "Akipanda anasema shikamoo babu. Akishuka anasema kwaheri babu. Sauti zao nimezishika zote. Nikiisikia kwaheri, nasubiri avuke, naondoka."

"Na asiyeaga?"

Kapteni akanigeuzia uso kwa ubavu, kama alivyozoea, anipate kwa ile pembe ya jicho iliyobaki.

"Mjukuu wako," akasema. "Wiki iliyopita alikuwa amenuna, sijui wenzake walimfanya nini. Hakuniaga. Nikajua bado yuko kitini. Nikang'oa gari. Wenzake ndio waliopiga kelele."

"Alikuwa wapi?"

"Mbele ya tairi. Kiatu kilimvuka mguuni, alikuwa anakiokota."

Kimya akasema, "Hukuniambia hilo." Alilisema polepole, mara mbili.

Nikakaa chini pale pale kwenye mawe. Nilitaka kumpiga. Nakuambia kweli, mtu niliyekula naye miaka yote, nilitaka kumpiga. Wiki hiyo kila jioni nilimuuliza yule mtoto shule ilikuwaje, na kila jioni akaniambia nzuri. Nilipoinua kichwa nilimkuta Kapteni amenyoosha mkono, simu iko kiganjani.

"Nitafutie namba ya mwalimu mkuu. Imo humo."

Kimya akageukia ukuta, akalia kwa sauti, watu wakatutazama. Nikaitafuta namba, nikapiga, nikamrudishia simu. Akasimama wima, akashika kola ya shati lake akaiweka sawa.

"Mwalimu, Kapteni hapa. Jumatatu tafuta dereva mwingine," akasema. Nilisikia wa upande wa pili akiuliza kwa nini. Naye akamjibu, pale langoni, mbele ya mkewe na mimi na wageni wote waliokuwa wakipiga picha, kwamba haoni.