Nimemwonea Wivu Mke wa Kwenye Filamu

Jamani, leo nimemwonea wivu mwanamke wa kwenye filamu!

Jamaa wa duka la muvi hapa Uriri alikosea, akaniwekea isiyo na DJ wa kutafsiri. Hakuna hata bunduki. Ni mume na mke wanaongea tu jikoni, kwa Kiingereza chepesi.

Nikaipenda hadi nikalia.

Yule mume anauliza, "Halafu ikawaje?" na anangoja jibu! Wangu, anayenunua dagaa wa omena kule kisiwani Remba, hupiga simu: "Watoto wamekula? Haya." Amekata.

Nikampigia. "Kuna mwanaume huku anajua kusikiliza mwanamke!"

"Mama Achieng', huyo ni nani?"

Nikapunguza sauti ya TV.

Yawa! Ameniuliza siku yangu yote ilivyokuwa, hadi simu ikaisha chaji.

Atakayemwambia ni filamu, tutakosana.