Usha na Wachumba wa Kwenye Simu

Usha ana duka la vitambaa mjini Morogoro, na tangu azaliwe hajawahi kukubali bei ya kwanza ya mtu: si ya muuza karoti kutoka Mgeta, si ya fundi bomba. Hata marehemu mumewe ilibidi apose mara tatu ndipo aitikiwe.

Mpwa wake Nisha, mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyemwekea kwenye simu ule mchezo wa mapenzi. Ni hadithi ya picha: kijana anakusemesha, unachagua jibu, na hadithi inafuata jibu lako. Akatokea daktari amesimama mvuani, nywele zimemwagika usoni. "Nakupenda," akasema. Usha akachagua, "Sikuamini." Daktari akainamisha kichwa, akatoka na mvua yake, mchezo ukaisha.

"Mbona harudi?" Usha akafoka. "Si aongeze kidogo?"

"Shangazi, kwani yule kitenge?"

Akaja rubani, akaondoka. Mwanamuziki naye akaondoka, tena analia. Masika yanakatika, Usha keshafukuza wanaume wazuri kuliko wote waliowahi kushuka stesheni ya Morogoro. Ndipo akamkumbuka Sunil, mgane mwenye duka la sufuria ng'ambo ya barabara. Mwaka jana Sunil alimwalika wakatembee milimani Jumapili. Usha akajibu, "Nitaangalia," akisubiri aongeze. Sunil hakuongeza. Alirudi kwenye sufuria zake, na tangu hapo ikawa salamu za kupungiana mkono tu.

Jumamosi moja Sunil akaingia dukani, anapapasa kitambaa cha pazia ambacho hakuwa na shida nacho, jasho linamtoka.

"Ushaben," akaanza, kwa heshima ya Kigujarati, "tunazeeka huku tunatazamana kama mabango. Tuoane."

*Nitaangalia* likamfika Usha kwenye ncha ya ulimi. Akamwona yule daktari mvuani. Akalimeza.

"Nimekubali, Sunilbhai."

Sunil akamtazama juu mpaka chini, kama mtu aliyetaja bei ya utani akafungiwa mzigo.

"Hivi hivi tu?"

"Hivi hivi."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi kuna kitu unanificha."

"Sunilbhai, chukua mzigo kabla sijapandisha!"

Nyuma ya majora, Nisha akaangua kicheko. Sunil naye akacheka, akavuta stuli, akaketi kama mwenye duka.

Wakae nyumba ya nani, hilo walivutana mwezi mzima, kila mmoja akipunguza kidogo kidogo, na hakuna aliyetaka liishe mapema.