Insha Aliyoikariri Akimana

Kama kuna mtu aliyezaliwa kuwa nesi, basi ni Akimana. Alifanya kazi hiyo katika mji wa Ngozi, kwao Burundi, kwenye wodi ya wazazi, mpaka vurugu zilipomtoa mbio. Hapa Durban anasuka nywele katika saluni ya Colette, Mkongomani mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, chini ya ghorofa moja ya South Beach. Mikono iliyopokea watoto sasa inapokea vichwa. Halalamiki, lakini kila ambulensi inapopita ikilia, vidole vyake husimama, na mteja hungoja.

Kilichomzuia ni mtihani wa Kiingereza. Bila kuufaulu hasajiliwi, na bila usajili hashiki hata kipimajoto. Kusikiliza alifaulu, kuzungumza alifaulu, kuandika akaanguka. Akarudia, akaanguka tena. Safari hii mambo yalikuwa mazito zaidi, maana nyumba moja ya kutunzia wazee kule Glenwood ilikubali kumshikia nafasi ya unesi mpaka majibu yatoke. Akipita, anavaa sare tena. Asipopita, wanamchukua mwingine.

Ndipo Papy, fundi simu wa mlango wa pili, mwenye kitambi na jibu la kila swali, alipomwekea akili bandia kwenye simu.

"Maman, unajitesa bure," alimwambia. "Hii kitu ilifanya examen ya ba-docteur, ikapita. Ya ba-avocat ba mahakama, ikapita. Iko na akili kushinda ba-prof bote. Kingereza yako ndiyo itaishinda?"

Akaipa swali la mazoezi: eleza siku moja kazini ambayo hutaisahau. Kabla Akimana hajavaa miwani, insha ilikuwa imeshajaa kwenye kioo cha simu, imenyooka, haina kosa hata la dawa. Papy akaiambia ijisahihishe. Ikajipa alama za juu, na nani wa kuibishia?

Hapa nataka mumwelewe Akimana. Alisomeshwa na masista, na kwao kujua kitu ni kukishika kwa moyo. Somo la mzunguko wa damu ulilitoa kama sala, na ukiruka neno unaanza upya. Mwanafunzi aliyetia ya kwake aliambiwa ana kiburi. Basi alipoiona insha ile hakuona kitu cha kuiba. Aliona somo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye akainama kwelikweli: alikariri akiosha vichwa, alikariri akisuka, alikariri akifagia.

"Eish, Akimana!" Colette akacheka. "Sasa hata vitana viko vinaongea Kingereza."

Siku ya mtihani swali likaja lile lile, limegeuzwa maneno mawili tu. Simu yake ilikuwa imebaki mlangoni, kama za wengine wote. Akaandika kutoka kichwani mpaka nukta ya mwisho, akatoka nje anapiga ishara ya msalaba pale kwenye robot, taa za barabarani, teksi zikimpigia honi ahame barabarani. Wiki ile aliimba saluni mpaka wateja wakamzoea.

Majibu hayakuja. Badala yake aliitwa ofisi ya mitihani, kwa mama mmoja mpole mwenye mvi, akageuziwa kompyuta aone. Kompyuta ilisema insha ile imetungwa na mashine.

Mashine imemtambua mwenzake, binadamu amekaa katikati. Na mashine ikifanya mtihani, dunia nzima inaipigia makofi. Akimana akitoa maneno yale yale kichwani mwake, anaitwa mdanganyifu. Sheria ni sheria, najua. Lakini hasira ninayo, na sitaificha.

"Mimi sikuiba," alisema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. "Hii yote iko mu kichwa yangu. Sikiliza."

Akasimama, akashika mikono nyuma kama mbele ya masista, akaitoa insha yote. Hakuruka neno. Alipomaliza alikuwa anahema, uso unang'aa, maana alikotoka hakuna ushahidi unaoushinda huo.

Yule mama alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Kisha akasema taratibu, "Mama, umenithibitishia mwenyewe. Ni ile ile ya mashine, neno kwa neno."

Matokeo yamefutwa, na haruhusiwi kurudia kwa miaka miwili. Glenwood wasingengoja hata miezi miwili. Akimana alikaa chini, akalia kile kilio cha mtu mzima kisicho na sauti, kinachomtikisa mabega tu. Iliniuma kusimuliwa, sembuse kuwa pale.

Yule mama mwenye mvi akamsogezea maji. Alitaka angalau kuelewa. "Miaka yote hiyo wodini," akamwuliza, "hukuwa na siku hata moja ya kwako mwenyewe?"

Alikuwa nayo. Risasi zinalia upande wa sokoni, umeme hakuna, mzazi binti mdogo anatoka damu, na Akimana amemkandamiza tumbo kwa mikono yote miwili, wanangoja gari ambalo halikuja. Alimwimbia ili asilale. Mtoto aliishi, mama yake hakuishi. Siku hiyo alitembea nayo kutoka Ngozi mpaka Durban, wala haikumpitia akilini kuiandika, kwa kuwa hakuiona kama kitu cha mtihani.

Akajifuta uso. Sasa angeisema, hata kwa kuungaunga, huyu mama ajue. Akafungua kinywa, na Kiingereza kikamtoka chenyewe, kimenyooka, hakina kosa: "Kuna siku moja ambayo sitaisahau kamwe, siku iliyonifunza umuhimu wa ushirikiano kazini..."

Akajikatiza, akajaribu tena. Yakaja yale yale ya insha.