Swali la Mama Paulina

Leo mwanafunzi wangu ameniuliza swali rahisi kabisa la Kiingereza, na mimi mwalimu nimeshindwa kulijibu.

Nawafundisha watu wazima Kiingereza hapa Katesh, kila siku saa kumi. Leo tulicheza mchezo wa mpira wa soksi. Unamrushia mwenzako, unamuuliza swali kwa Kiingereza, naye anajibu.

Maswali yalikuwa ya kawaida tu. Una ng'ombe wangapi? Unalima nini?

Kisha mpira ukamfikia Mama Paulina, mkulima wa Gitting, ambaye huwa namwamkia shikamoo kabla ya somo.

Hakumrushia mwenzake. Akanirushia mimi.

Akatafuta maneno ya Kiingereza moja moja: "Mwalimu, jioni unakula na nani?"

Hakukosea hata neno. Darasa likampigia makofi.

Mimi nikabaki nimeshika mpira. Huu ni mwaka wangu wa pili hapa, na jibu ni "peke yangu", maneno niliyowafundisha mwenyewe wiki iliyopita. Hayakutoka.

Nikasema muda umekwisha. Haukuwa umekwisha, na wote walijua.

Wenzake walipotoka, Mama Paulina akabaki. Akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Mwanangu, nimekosea kuuliza?"

"Hapana, mama. Umeuliza vizuri sana."

Akaniangalia kidogo, kisha akaaga, akawahi gari la Gitting.

Sasa niko jikoni nasubiri maharage yaive, na bado namfikiria.

Ninyi mnaoishi mbali na kwenu, mngemjibu nini?