Mafuta ya Bluu ya Ndege

Mlinzi wa uwanja wetu mdogo wa ndege hapa Endulen akipiga mluzi mmoja tu, ng'ombe wote wanatoka njiani. Kabla ndege haijaruka, husimama chini ya bawa na chupa tupu ya maji, akimsubiri rubani atoe mafuta kidogo kuangalia kama yana maji. Mafuta hayo ya bluu rubani humpa yeye, huku anacheka: "Chukua, mzee." Anayasugulia panga, ananawia mikono yenye grisi, anaulia kupe wa mbuzi, halafu ananusa viganja kama aliyejipaka marashi.

Jana, nikiwa nimemleta mgonjwa wa kusafirishwa, nilimkuta amempakata bintiye Nashilu, anammiminia mafuta hayo kichwani kuua chawa. Nilimpokonya chupa. Nilimfokea, mimi nesi, mbele ya mgonjwa wangu: hayo yana madini ya risasi, yanapenya ngozi hata isiyo na kidonda, yanakwenda hadi kwenye ubongo wa mtoto!

"Sista, hakuna aliyeniambia."

"Na rubani akiyashika huvaa nini?"

"Glavu." Alitazama mikono yake mitupu. "Mimi nilidhani anaogopa kuchafuka."